Kukata, Kuunganisha na Kufungua: Chaguzi za Upasuaji wa Saratani ya Utumbo Mpana na Puru na Lugha ya Kuzieleza kwa Kiswahili

Ikisiri

Upasuaji ndio nguzo ya matibabu ya saratani ya utumbo mpana na puru, hasa pale ugonjwa unapogunduliwa kabla ya kusambaa. Hata hivyo, neno “upasuaji” hubeba matendo mengi yasiyofanana: kuondoa kinyama kwa njia ya kamera, kukata nusu ya utumbo mpana, kuondoa puru pamoja na njia ya haja kubwa, au kufungua tundu la haja tumboni bila kuugusa uvimbe wenyewe. Makala haya yanaeleza chaguzi hizo kwa Kiswahili na kubainisha maneno ambayo, yasipofafanuliwa, humfanya mgonjwa aridhie jambo asilolielewa. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha kueleza upasuaji huu, na kwamba kinachokosekana ni makubaliano ya matumizi pamoja na nidhamu ya kutenganisha maana zinazokaribiana. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera za lugha na za afya katika nchi za Afrika Mashariki na Kati.

Istilahi muhimu: saratani ya puru, stoma, upasuaji, ridhaa, istilahi za tiba

1.0 Utangulizi

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2022, saratani ya utumbo mpana na puru ilishika nafasi ya tatu duniani kwa idadi ya wagonjwa wapya, ambao walizidi milioni 1.9, na nafasi ya pili kwa vifo, ambavyo vilizidi 900,000. Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa mataifa tajiri. Leo hospitali za rufaa za Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Kigali zinaupokea, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Damu katika choo hudhaniwa kuwa bawasiri au kuhara damu. Kufunga choo na kupungua uzito huhusishwa na chakula, minyoo au uzee. Mgonjwa anapofika kwa daktari wa upasuaji, mara nyingi muda wa kutafakari ni mfupi na uamuzi ni mzito.

Uamuzi huo hufanyika katika lugha. Daktari aliyesomea Kampala au Nairobi hufikiri tiba kwa Kiingereza. Aliyesomea Bujumbura au Lubumbashi hufikiri kwa Kifaransa. Mgonjwa anaweza kuwa mzungumzaji wa Kirundi, Kinande, Kiluo au Kiganda. Mara nyingi Kiswahili ndicho daraja lililobaki kati yao. Hadhi ya daraja hilo imekwisha kuimarishwa kisiasa: Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilichukua uamuzi kama huo mwaka 2022. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya nchi hiyo ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma, pale inapowezekana, kumweleza mgonjwa hali yake na chaguzi za matibabu katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kujua kusoma. Sheria imetamka wajibu, lakini haiwezi kutoa maneno ya kuutimiza. Kazi hiyo ni ya wanalugha wakishirikiana na wanatiba.

2.0 Ramani ya Viungo na Majina Yake

Chaguzi za upasuaji hazieleweki bila ramani. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takribani mita moja na nusu. Huanzia upande wa kulia chini ya tumbo, pale utumbo mwembamba unapoingia na penye kidole tumbo. Kutoka hapo hupanda hadi chini ya ini, hukata tumbo kwenda kushoto, hushuka, kisha hujikunja kabla ya kuingia katika puru. Puru, yenye urefu wa takribani sentimita 15, imekaa ndani ya nyonga, karibu na kibofu cha mkojo, na karibu na tezi dume kwa mwanamume au uke na mfuko wa uzazi kwa mwanamke. Baada ya puru hufuata njia fupi ya haja kubwa, iliyozungukwa na misuli inayobana na kuachia haja.

Neno “puru” linastahili kutetewa. Limo katika kamusi za Kiswahili, lakini wazungumzaji wengi hawalitumii. Badala yake hutumia maneno ya staha kama “sehemu ya siri ya nyuma” au “njia ya haja kubwa”. Staha hiyo ina thamani yake, lakini katika upasuaji inaficha tofauti ya msingi. Mgonjwa anayeambiwa kwamba “njia ya haja kubwa itaondolewa” na yule anayeambiwa kwamba “puru itaondolewa, njia ya haja itabaki” wanakabiliwa na maisha mawili tofauti. Neno moja likitumika kwa viungo vyote viwili, tofauti hiyo hupotea.

Jambo la pili katika ramani ni mishipa. Utumbo umeshikiliwa na utando wenye mafuta ambamo hupita mishipa ya damu na tezi za limfu. Seli za saratani zinapotoka katika uvimbe, mara nyingi hupitia tezi hizo. Kwa hiyo daktari hakati uvimbe peke yake. Hukata kipande cha utumbo pamoja na utando wake na mshipa mkuu unaokilisha, ili tezi zitoke pamoja nacho. Viwango vya kimataifa vinataka angalau tezi 12 zichunguzwe maabara ili hatua ya ugonjwa ijulikane kwa uhakika. Hili ndilo jibu kwa mgonjwa anayeuliza kwa nini uvimbe wa ukubwa wa ndimu umeondoka na nusu ya utumbo.

3.0 Chaguzi za Upasuaji

3.1 Kuondoa kinyama kwa kamera

Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kinachoota katika ukuta wa ndani na kuchukua miaka kadhaa kugeuka. Kinyama hicho kinaweza kuonekana na kuondolewa kwa mrija wenye kamera unaopitishwa katika njia ya haja kubwa, bila kupasua tumbo. Hata kinyama kilichokwisha kuwa na saratani kinaweza kutibiwa hivyo, mradi seli hazijazama sana katika ukuta, hazijaingia katika mishipa, na kingo za kilichokatwa ni safi. Majibu ya maabara yakionyesha vinginevyo, upasuaji wa tumbo hufuata. Mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema kwamba hatua ya kwanza huenda isiwe ya mwisho, ili upasuaji wa pili usionekane kuwa kosa la ule wa kwanza.

3.2 Kukata sehemu ya utumbo mpana

Uvimbe ukiwa upande wa kulia, huondolewa mwanzo wa utumbo mpana, sehemu inayopanda na ncha ya utumbo mwembamba. Kisha utumbo mwembamba huunganishwa na sehemu iliyobaki. Ukiwa upande wa kushoto, huondolewa sehemu inayoshuka au ile iliyojikunja, na ncha mbili huunganishwa. Mara chache huondolewa karibu utumbo mpana wote, hasa kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi unaootesha vinyama vingi sana, au wenye uvimbe zaidi ya mmoja. Watu wengi huishi vizuri baada ya kupoteza sehemu ya utumbo mpana, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kunyonya maji na kuhifadhi kinyesi. Virutubisho vingi hunyonywa katika utumbo mwembamba.

Hatari inayoogopwa zaidi ni kuvuja kwa maungio. Ncha zisiposhikana, kinyesi humwagika ndani ya tumbo, na mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji wa dharura. Hatari nyingine ni kutoka damu, maambukizi ya kidonda na damu kuganda katika mishipa ya miguu au mapafu.

3.3 Upasuaji wa puru

Puru ni ngumu kuliko utumbo mpana kwa sababu ya ufinyu wa nyonga na ujirani wa viungo. Historia yake inaeleza mengi kuhusu chaguzi za leo. Mwaka 1908 daktari Mwingereza W. Ernest Miles alichapisha maelezo ya upasuaji wa kuondoa puru na njia ya haja kubwa kwa kupitia tumboni na chini, huku haja ikielekezwa katika tundu la tumboni maisha yote. Kwa miongo mingi huo ndio ulikuwa mkondo mkuu wa tiba. Kuanzia mwaka 1982, R. J. Heald wa Basingstoke, Uingereza, alionyesha kwamba puru ikitolewa pamoja na utando wote wa mafuta unaoizunguka, bila kuuchana, saratani hurudi pale pale kwa nadra zaidi. Mbinu hiyo, pamoja na vifaa vya kushonea vilivyoboreshwa, iliwezesha wagonjwa wengi zaidi kubaki na njia yao ya asili.

Leo, uvimbe mdogo sana wa mapema unaweza kukatwa kwa kupitia njia ya haja yenyewe. Uvimbe wa juu au wa kati huondolewa pamoja na puru na utando wake, kisha utumbo huunganishwa chini. Maungio yakiwa karibu sana na njia ya haja, daktari huweza kufungua tundu la muda katika utumbo mwembamba ili kinyesi kisipite hapo mpaka pashikane. Tundu hilo kwa kawaida hufungwa baada ya wiki au miezi kadhaa. Uvimbe ulioingia katika misuli ya kubana haja huhitaji upasuaji wa aina ya Miles, na tundu lake ni la kudumu.

Mgonjwa anapaswa kuelezwa mambo mawili kabla ya kuridhia. Kwanza, neva za kibofu na za tendo la ndoa hupita kando ya puru na zinaweza kujeruhiwa. Pili, kubaki na njia ya asili hakumaanishi kurudi katika hali ya zamani: wengi hupata haja za mara kwa mara, za ghafla au zisizozuilika kwa miezi mingi, na wengine kwa kudumu. Kwa baadhi yao, hasa wenye misuli dhaifu tangu awali, tundu la kudumu laweza kuwa chaguo lenye utulivu zaidi.

Mara nyingi saratani ya puru iliyokwisha kupenya ukuta hutanguliwa na mionzi na dawa ili uvimbe usinyae kabla ya kisu. Kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe hutoweka kabisa. Angelita Habr-Gama na wenzake wa São Paulo, Brazili, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya wagonjwa wa namna hiyo ambao hawakupasuliwa, bali walifuatiliwa kwa karibu. Chaguo hili, la kungoja na kuchunguza, linahitaji vipimo vya mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Mgonjwa anayeishi safari ya siku mbili kutoka hospitalini hawezi kulichukua bila mpango wa kurudi.

3.4 Upasuaji wa dharura

Uvimbe ukiziba utumbo au ukiutoboa, nafasi ya kuchagua hupungua. Mara nyingi hutumika upasuaji uliopewa jina la daktari Mfaransa Henri Hartmann, aliyeueleza mwaka 1921: sehemu yenye ugonjwa hukatwa, ncha ya chini hufungwa na kuachwa ndani, na ya juu hutolewa tumboni kuwa tundu. Kuunganisha tena huweza kufanyika baadaye, lakini si kwa kila mtu. Umri, udhaifu au kurudi kwa ugonjwa huwafanya wengine wabaki na tundu hilo. Hapa neno “muda” ni la hatari. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba tundu hilo “linaweza kufungwa”, bila kuahidi kwamba “litafungwa”.

3.5 Ugonjwa uliosambaa

Saratani hii mara nyingi husambaa katika ini. Madoa machache ya ini yanaweza kukatwa, na ini lenye afya hukua tena kufidia lililoondolewa. Baadhi ya wagonjwa hupona kabisa kwa njia hiyo. Pale ambapo saratani haiwezi kuondolewa yote, upasuaji bado una kazi: kuzungusha njia ya kinyesi kuupita uvimbe, au kufungua tundu ili mgonjwa aweze kula na kupumzika bila maumivu ya kuziba. Lengo la upasuaji huu ni nafuu. Mgonjwa ana haki ya kujua kwamba lengo si kuuondoa ugonjwa.

3.6 Njia ya kuingilia

Chaguzi nyingi za tumbo zilizotajwa zinaweza kufanywa kwa mpasuo mrefu wa katikati ya tumbo au kwa matundu madogo yanayopitisha kamera na vifaa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, kwa saratani ya utumbo mpana, njia ya matundu haikuongeza kurudi kwa ugonjwa, na wagonjwa walikaa hospitalini muda mfupi zaidi. Lakini “upasuaji wa matundu madogo” si “upasuaji mdogo”. Kinachokatwa ndani ni kile kile, na hatari ya maungio kuvuja ingalipo.

4.0 Maneno Yanayobeba Uamuzi

Maelezo yaliyotangulia yametumia maneno ya kawaida karibu pote. Hii inathibitisha kwamba ugumu hauko katika uhaba wa msamiati. Uko katika maeneo manne.

La kwanza ni jozi ya kolektomi na kolostomi. Maneno haya, yaliyofika kupitia Kiingereza na Kifaransa lakini yenye asili ya Kigiriki, hutofautiana kwa silabi chache sikioni na kwa maisha yote mwilini. Kolektomi ni kukata na kuondoa utumbo mpana au sehemu yake. Kolostomi ni kuufungulia mdomo tumboni. Katika chumba chenye kelele, mgonjwa anaweza kulisikia moja na kuridhia jingine. Pendekezo ni kwamba maneno haya yabaki katika faili, na katika mazungumzo yatumike “kukata utumbo na kuuunganisha” na “kufungua tundu la haja tumboni”.

La pili ni msemo “kuwekewa mfuko”. Ni msemo mwepesi na wenye huruma, lakini hutaja kifaa na kuficha kiungo. Mfuko hubandikwa na kubanduliwa kila siku. Tundu ni utumbo wenyewe uliotolewa nje ya ngozi. Anayedhani atawekewa mfuko tu huweza kudhani pia kwamba anaweza kuukataa baada ya upasuaji. Neno “stoma” linafaa kusanifiwa kwa ajili ya tundu, na “mfuko wa stoma” kwa ajili ya kifaa. Maelezo hayo yafuatwe na maswali ambayo mgonjwa huona haya kuyauliza: mifuko itapatikana wapi na kwa gharama gani, atalala vipi na mwenzi wake, na, kwa Mwislamu, udhu na sala vitakuwaje. Hili la mwisho lijibiwe na mwanachuoni anayeaminiwa na mgonjwa, si muuguzi kwa kukisia.

La tatu ni kitenzi “kupona”. Kidonda hupona, na mgonjwa hupona saratani. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili. Daktari anayesema “umepona vizuri” siku ya kumi huwa anazungumzia mshono. Familia husikia kwamba ugonjwa umekwisha, na mgonjwa haonekani tena kwa dawa za baada ya upasuaji, ambazo ndizo hupunguza hatari ya saratani kurudi kwa wale ambao tezi zao zilikuwa na ugonjwa. Kutaja kinachopona, yaani “mshono umepona, saratani bado tunaifuatilia”, hakuhitaji istilahi mpya. Kunahitaji uangalifu.

La nne ni neno “chaguo” lenyewe. Kumweleza mgonjwa chaguzi tano ilhali hospitali ina uwezo wa moja ni kumpa menyu bila jiko. Maelezo ya haki hutenganisha mambo matatu: kinachowezekana kitiba, kinachopatikana hapa, na kinachopatikana kwa rufaa. Pia hutaja chaguo la kutopasuliwa na matokeo yake, kwa kuwa ridhaa isiyo na uwezekano wa kukataa si ridhaa.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na puru unaelezeka kwa Kiswahili sanifu bila kupunguza usahihi wake. Kinachohitajika ni kukubaliana. Makala yanapendekeza hatua nne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yaandae, pamoja na madaktari wa upasuaji na wauguzi wa stoma, orodha fupi ya istilahi za upasuaji wa tumbo, ikianza na puru, stoma, maungio na tezi za limfu. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, chenye makao yake Arusha, ni mshirika wa asili katika kazi hiyo. Pili, fomu za ridhaa za hospitali za rufaa zitungwe moja kwa moja kwa Kiswahili, zisiwe tafsiri za haraka, na zitaje kiungo kitakachoondolewa, kitakachobaki, na uwezekano wa stoma ya muda au ya kudumu. Tatu, kabla ya kutia sahihi, mgonjwa aombwe aeleze kwa maneno yake kile atakachofanyiwa. Maelezo yake ndiyo kipimo cha maelezo ya daktari. Nne, wakalimani wa hospitali katika maeneo ya mipakani wafunzwe tofauti za maneno zilizojadiliwa hapa na watambuliwe kwa ajira, badala ya kazi hiyo kuachiwa mtoto wa mgonjwa au mhudumu wa usafi aliyekuwa karibu.

Wajibu uliotamkwa na sheria hupimwa mahali pamoja: pale mgonjwa anapozinduka kutoka katika nusukaputi, akapeleka mkono tumboni, na kukuta kile alichoambiwa kwamba atakikuta.